Kibaba cha Binti Mrisho

Kitu cha kwanza alichokiona Hajira kilikuwa sisimizi.

Walitoka chini ya ukuta wa choo, wakapita kando ya karo la kufulia, wakanyoosha mstari wao mpaka kwenye kopo ambalo shangazi yake alilitumia usiku kwa haja ndogo, maana magoti yake hayakutaka tena safari za uani gizani. Kulimwaga kopo hilo na kulisuuza ilikuwa kazi ya Hajira kila asubuhi. Siku hiyo alilikuta limezungukwa, kama vile mtu amemwaga sukari pale. Alisimama akawatazama. Kwao Lindi aliwahi kuwasikia wanawake wakinong'ona juu ya mkojo unaopendwa na sisimizi, na walinong'ona kwa sauti ya msibani. Lakini Hajira hakuwa mtu wa kusema. Aliwasomba kwa ndoo ya maji, akalisuuza kopo. Kesho yake walirudi, na ndugu zao.

Aliyesema ni Somoe, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye hakujua kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni.

"Binti Mrisho!" alipaza sauti uani. "Huku kwenye kopo lako kuna harusi, na wewe hukutualika?"

Wanawake walicheka. Binti Mrisho naye alicheka. Siku chache baadaye akapanda kwenda hospitali kubwa ya Upanga, akarudi na vidonge ndani ya bahasha ya kaki, na hakucheka tena kwa muda.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Hajira hata leo akifumba macho anainusa. Kariakoo ilikuwa imetoka kwenye rafu tupu na foleni za yanga, ule unga wa mahindi ya njano, na ghafla, kama mtu aliyefunguliwa kinywa, ikaanza kutapika bidhaa. Ndoo za plastiki za rangi zote zilining'inizwa milangoni. Sabuni ilikuwa na karatasi na harufu ya maua. Mitumba ililundikwa mpaka kando ya reli, Gerezani, na vijana walisimama juu ya malundo wakiimba bei. Na mchele! Mchele wa Mbeya, wa Shinyanga, wa ng'ambo wenye punje ndefu kama kucha za bibi harusi, umekaa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, mtu yeyote anauona na kuuchota kiganjani. Watu wazima walikuwa wakipita dukani kwa Praful na mkewe Kamla kuutazama tu.

Binti Mrisho alikuwa dada mkubwa wa baba yake Hajira. Alikuwa na chumba katika nyumba ya vyumba sita Gerezani, jirani na karakana za vipuri, na aliishi kwa kupika vitumbua. Alimchukua Hajira mama yake alipofariki. Shule Hajira alikuwa ameiacha darasa la tano, wakati wa kumuuguza mama, na hakuna aliyemwambia arudi. Sasa alikuwa msichana wa kuolewa, mrefu, mwenye kutazama chini, na akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa kabla ya kujibu kwa mdomo.

Lakini mtaani shangazi hakujulikana kwa vitumbua. Alijulikana kwa kibaba chake.

Kilikuwa kibaba cha mti, cheusi kwa umri, kilichotoka Kilwa mikononi mwa mama yake. Kilikaa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa, na Ramadhani ikikaribia watu walianza kubisha hodi. Mzee asiyeweza tena kufunga, mgonjwa wa kifua asiyetarajiwa kupona, kila siku moja iliyompita ilitakiwa alishwe maskini kibaba kimoja cha chakula. Ndiyo fidia yake. Na kibaba cha kuaminika kilikuwa hicho. Wenye mizani walisema siku hizi mambo ni kilo.

"Dini haikuja na mizani ya Praful," Binti Mrisho aliwajibu. Alichota mchele, akausawazisha kwa kiganja, taratibu, mpaka juu pakawa sawa kama maji. Kisha alimwambia mgonjwa kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine: "Basi. Kula, ndugu yangu. Mungu hakukuwekea uzito."

Mwaka huo, Ramadhani ilikuja na mvua za masika, na kibaba kilimgeukia mwenyewe. Daktari alikuwa amemwambia: vidonge vya sukari na njaa havikai nyumba moja. Akila vidonge, ale chakula, asubuhi na mchana. Mwalimu wa madrasa naye akamwambia hivyo hivyo, tena kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alizoea kuwaambia wagonjwa.

Siku ya kwanza, alasiri, Binti Mrisho alipima kibaba chake. Mchele aliununua kwa fedha ya vitumbua. Kamla alipotaka kumwongezea kikonzi, alikizuia kwa mkono.

"Usiuchanganye, Kamla. Huu ni wa tumbo langu mimi."

"Kidogo tu, Bi mkubwa. Mimi pia najua kufunga. Kila Jumatatu nafunga."

"Unakula nini?"

"Matunda. Na viazi. Na maziwa kidogo."

"Hiyo si saumu, mwanangu, hiyo ni sikukuu."

Kamla alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya sari. Mchele ukaenda kwa Mzee Bushiri, aliyekuwa mchukuzi sokoni mpaka mgongo ulipomgomea, na sasa alilala barazani mwa karakana iliyofungwa. Hajira aliupeleka. Aliporudi, alikuta chakula cha mchana alichomtengea shangazi bado kimefunikwa na kawa.

"Shangazi, hujala."

"Nitakula."

Hakula. Alimeza vidonge kwa funda la maji, na hata hilo funda alilinywea nyuma ya mlango, kama mwizi. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, jasho lilimtiririka katika ubaridi ule wa mvua, maneno yakamwenda kombo, kisha akaanguka ubavu juu ya machicha.

Kamla ndiye aliyetoa pikapu ya duka. Hospitalini daktari, kijana wa kumzaa, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, vidonge hivi vikikuta tumbo tupu vitakuangusha tena. Safari ijayo huenda wasikuwahi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Kwa nini huli?"

Binti Mrisho aligeukia ukutani. Hajira, aliyekuwa amesimama na khanga ya shangazi mkononi, alilisikia jibu kwa sababu alikuwa karibu.

"Tangu siku zangu zikatike sijala mchana wa Ramadhani. Miaka ya njaa tulifuturu yanga na maji, nikafunga. Sasa mchele umejaa mji mzima, ndiyo nile peke yangu? Hakipiti, baba. Kinakwama hapa."

Akashika koo.

Wiki hiyo hiyo siku za Hajira zikaingia. Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba mwanamke asiyefunga hali mbele ya watu. Anaingia banda la jiko kule uani, anavuta pazia la gunia, anakula anachokula, anatoka akifuta mdomo. Wakikutana wawili humo, hawatazamani. Hukaa migongo ikielekeana, kila mmoja na bakuli lake, kwa haya na kwa adabu ya mwezi.

Hajira alikuwa ameketi humo na uji wa ulezi pazia lilipofunuliwa. Binti Mrisho aliingia, akamwona, akasita. Kisha akachota uji naye, usio na sukari, akaketi kwenye kibao cha pili na kumpa mgongo. Muda ulipita. Hajira alikuwa akikwangua bakuli lake la bati kwa kijiko, *kwa, kwa, kwa*. Na nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, kijiko cha pili kikaanza.

Shangazi alikula mpaka mwisho. Alipomaliza alijamba kidogo kwa shibe na kusema, "Astaghafiru," wakacheka wote wawili bila kugeuka.

Zile siku zilikuwa tamu, ingawa Hajira hakujua wakati ule kwamba ni tamu. Moshi wa kuni mbichi, mvua juu ya bati, mgongo wa shangazi ukiugusa wake kila anapoinama. Humo bandani, kwa kuwa hawakutazamana, Hajira aliweza hata kuzungumza. Alimweleza shangazi juu ya mama yake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Shangazi alimweleza juu ya Kilwa, na juu ya mume wake aliyekuwa fundi wa reli, aliyepiga mluzi kila alipokata kona ya mtaa ili wali upakuliwe.

Kisha siku za Hajira zikaisha. Alijitoharisha, akafunga.

Asubuhi hiyo Binti Mrisho aliingia bandani peke yake. Alitoka haraka. Uji ulikuwa umejaa vilevile.

"Leo sina hamu," alisema.

Adhuhuri mikono yake ilianza kutetemeka, na paji la uso likalowa jasho. Hajira alimlisha maji ya sukari kwa kijiko, akimbembeleza kama mtoto, mpaka macho yakarudi mahali pake.

Kesho yake Hajira alichukua bakuli lake la bati, akaingia bandani, akaketi.

"Bado?" aliuliza shangazi kutoka mlangoni.

Hajira alijibu kwa kichwa.

Binti Mrisho akachota uji wake, akaketi, mgongo kwa mgongo. Hajira aliumimina wa kwake polepole ndani ya kikopo chenye kifuniko alichokiweka kati ya miguu. Kisha akachukua kijiko, akaanza kukwangua bakuli tupu. *Kwa, kwa, kwa.* Mate yalimjaa mdomoni kwa harufu ya ulezi, na nyuma yake kijiko cha pili kikajibu.

Ikawa ndiyo kazi yake, asubuhi na mchana. Watu wengine mwezi ule hujificha wakila. Hajira alijificha akifunga. Swala nazo ilibidi aziibe, maana mwanamke aliye katika siku zake haswali. Alfajiri na usiku aliswali shangazi anapokuwa uani. Adhuhuri na alasiri alijipa safari ya dukani, na Kamla, baada ya kumkuta mara moja amesujudu kwenye khanga stoo, kati ya magunia ya choroko, hakuuliza kitu. Mteja akitaka kuingia alimzuia. "Subiri, kuna mtu ndani anapanga mzigo."

Jioni alikwenda na kibaba cha mchele na kikopo cha uji mpaka barazani kwa Mzee Bushiri. Adhana ya magharibi ilimkuta huko kila siku. Siku ya kwanza mzee alimwona anavyokishika kikopo, anavyosubiri, anavyofumba macho adhana ilipoanza.

"Kumbe umefunga!"

"Ndiyo, babu."

"Kwenu futari hakuna?"

"Ipo."

"Basi mbona mimi ndiye maskini wa kuletewa fidia, na wewe ndiye unayefuturu kwangu? Mwambie shangazi yako apime viwili." Alicheka kwa kifua chake kibovu, akamsogezea tende moja iliyokuwa na vumbi la mfuko wa kanzu. "Haya, anza na hii. Sitaki kujua. Wazee wanaojua mengi hawalali."

Uji ulikuwa umepoa na kuganda juu. Hajira aliunywa, na hajapata tena kunywa uji wa namna ile.

Lakini nyumba ya vyumba sita ina macho kumi na mawili, na zaidi. Wiki ya pili ilipokwisha Somoe alianza kuhesabu kwa vidole, mbele za watu, akichambua mchicha.

"Siku gani hizi zisizojua kwao? Mimi nina watoto wanne, jamani, najua mwanamke gani anakula mwezi mzima. Ni mwenye mtoto mgongoni au mwenye mtoto tumboni. Na mgongoni kwa Hajira sioni kitu."

Hajira alikuwa karoni. Sabuni ilimponyoka. Alijua vizuri neno hilo litakapofika: litavuka Mnazi Mmoja kabla ya Idd, litapanda basi mpaka Lindi kwa baba yake. Kulizima ilikuwa rahisi. Maneno mawili tu. Nimefunga, Somoe. Aliinua kichwa, mdomo ukafunguka, na akaona mlango wa chumba cha shangazi uko wazi, na ncha ya khanga yake inaonekana kizingitini. Angesikia. Kesho angeketi peke yake na bakuli lililojaa.

Hajira aliinama akaokota sabuni.

Usiku huo shangazi alimuuliza akiwa amemgeuzia mgongo, anafunika kibaba chake.

"Una mimba?"

"Hapana, shangazi."

"Niapie."

"Wallahi sina."

"Basi ni nini?"

"Siku zangu... haziko sawa mwaka huu."

Binti Mrisho hakugeuka. Asubuhi yake alisimama katikati ya uani, mwiko mkononi, na hakupaza sauti, jambo lililowafanya watu wote wageuke.

"Anayetaka kujua siku za mtoto wangu, aje anifulie vitambaa vyake. Karo lile pale. Somoe, utaanza wewe?"

Somoe alisema alikuwa anatania tu. Hakuna aliyetania tena.

Ramadhani ikaisha, Idd ikapita. Shangazi alikuwa hai, uso umemjaa, magoti yamepona kidogo. Hajira alidhani kazi imekwisha. Siku za saumu ya sita inayofuata Idd hazijaisha, kabla ya alfajiri, mkono ulimtikisa begani.

"Amka, ule daku."

"Daku la nini, shangazi?"

"La deni lako. Mimi mzee, saumu yangu ni mchele. Ya mwanamke mwenye siku zake hailipwi kwa kibaba, inalipwa kwa njaa. Umekula karibu mwezi mzima, mwanangu. Tutaulipa, taratibu, kabla mwaka mwingine haujatukuta. Mimi nitakuamsha."

Mbele yake palikuwa na wali wa nazi, kipande cha changu cha kukaanga, na chai. Hajira alizitazama sahani zile. Deni lake la kweli lilikuwa siku chache tu za mwanzo. Alinawa, akala.

Alifunga mwezi mwingine, Kariakoo nzima ikila. Ilikuwa vigumu zaidi. Mihogo ya kukaanga ilinukia kila kona, na Kamla, ambaye hakuelewa tena kinachoendelea, alimpa karanga mara mbili na mara mbili akarudishiwa. Lakini kitu kimoja hakuwa amekitazamia: furaha ya shangazi. Binti Mrisho aliamka kabla ya majogoo, akapuliza moto, akakuna nazi akiimba kasida za Kilwa. Aliupanga mwezi ule kama ni wake. Jioni alitandika mkeka, akatoa tende, akakaa kumsubirisha Hajira adhana, wakisikilizia pamoja. "Bado," alisema. "Bado kidogo. Haya sasa! Bismillahi." Na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefunga.

Angewezaje kumnyang'anya?

Mwaka uliofuata shangazi alikula peke yake bandani bila kulazimishwa. Alisema kinapita sasa, kimezoea njia. Hajira alifunga waziwazi, na kila jioni alipima kibaba yeye, maana kiganja cha shangazi kilikuwa kimeanza kutetemeka. Ramadhani ya tatu haikumkuta. Wakati wa kugawana vyombo, Hajira alipewa kibaba na mabakuli mawili ya bati, na hakuna aliyemwonea wivu.

Sasa Hajira ameolewa, yuko nyumba nyingine, mtaa wa pili tu kutoka ule. Karakana ya Mzee Bushiri imekuwa duka la redio, na mzee mwenyewe walimrudisha kwao kuzikwa. Praful na Kamla wamehamia Upanga, ghorofani, ambako Kamla anasema hakuna mtu wa kutaniana naye. Mchele umejaa kila mahali, na hakuna anayesimama tena kuutazama.

Ana mtoto mchanga. Mwaka huu, kwa ajili ya maziwa ya mtoto, hafungi. Atazilipa siku, na kwa kila siku atatoa kibaba. Asubuhi ya kwanza aliteremsha kile cheusi, akapangusa vumbi, akachota mchele, akausawazisha kwa kiganja mpaka juu pakawa sawa kama maji. Kisha akaingia jikoni, akavuta pazia, akaketi na uji wake. Mtoto alikuwa amelala. Hakukuwa na mtu, lakini aliketi vile vile, akiacha nafasi nyuma yake, mgongo ukisubiri mgongo.

Kijiko hakikutaka kuanza. Alikishika muda mrefu. Halafu Hajira, ambaye hakuwa mtu wa kusema, alisema kwa sauti, bila kugeuka, kama walivyozoea:

"Shangazi, bakuli langu lilikuwa tupu."